Kupanga safari ya boti ndogo Ujiji mpaka mdomo wa Malagarasi: ogopa maji mafupi kuliko kina

Watu wananiuliza sana kuhusu hii safari kwa hiyo naandika yote hapa kwa mkupuo mmoja. Njia yenyewe ni hivi, mnatoka mwalo wa Ujiji mnashuka kusini mkiambaa na nchi kavu, mnapita mdomo wa mto Luiche, mnapita Mwakizega na Kabeba, mpaka pale mto Malagarasi unapomwaga maji Ziwa Tanganyika upande wa Ilagala. Ni kama kilomita 40 kwenda, mnalala, kesho yake mnarudi. Boti ndogo, mashine ndogo, watu wanne basi.

Mgeni akifika Kigoma kitu cha kwanza anauliza kina. Ni kweli Tanganyika ni refu kwenda chini, mita 1,470 pale panapozidi, duniani linapitwa na Baikal peke yake, na mtu akishasikia hivyo anambembeleza nahodha "baba kaa karibu na nchi kavu tafadhali". Hapo ndo mnapoanza kukosea. Kule ndani mashine haigongi kitu. Mimi shida zote nilizowahi kupata kwenye hili ziwa nimezipatia kwenye maji ya kiunoni, na hii safari karibu yote inapita pembeni ya maji ya namna hiyo, kwa hiyo mipango yote ianzie hapo.

Mito inakuja na mchanga na tope lake, ikifika ziwani inapoteza nguvu, mchanga unakaa chini, alafu mawimbi ya ziwa yanausukuma urudi. Ndo fungu linazaliwa, na kila masika linahama. Mwaka huu mlango wa kuingilia mtoni uko kulia, mwakani uko kushoto au hamna kabisa. Kwahiyo ramani ya mtandaoni pale mdomoni haikusaidii kitu na hata nahodha ambaye hajapita tangu mwaka jana naye hajui, mtafute aliyepita wiki hii. Na ukimuuliza usimuulize "kuna kina?" maana atakujibu kipo ili asikuvunje moyo. Muulize "ukisimama pale maji yanakufika wapi?" Akikwambia magotini, kiunoni, kifuani, hapo umepata kipimo, unamwangalia na urefu wake unapiga hesabu.

Sasa upande wako lazima ujue boti yako inataka maji kiasi gani. Pakieni kila kitu mwaloni, petroli, maji ya kunywa, ndoo, watu wote wakae sehemu zao, shusheni mashine, alafu mtu apime kutoka usawa wa maji mpaka chini ya propela. Ya kwetu ilikuwa sentimita 70. Ikiwa tupu ilikuwa pungufu sana, na wengi wanapima ikiwa tupu. Baada ya hapo tafuta pondo, mti mnyoofu wa mita tatu hivi au mwanzi uliokomaa, ufunge vitambaa vyekundu, cha kwanza kwenye nusu mita, cha pili kwenye mita moja, cha tatu kwenye mita moja na nusu. Mtu anakaa mbele anachovya tu na kusema kwa sauti kitambaa gani kimezama. Kikibaki juu cha pili, mashine inapandishwa nusu na mnaenda mdogo mdogo. Kikibaki juu cha kwanza, zima mashine, inyanyue, shika pondo. Haina betri haina mtandao na haijawahi kutudanganya.

Nilijifunza hii kwa shida. Safari yangu ya kwanza tulikuwa mimi, shemeji yangu na binamu yangu, na mzee mmoja wa Ujiji ndo nahodha. Tumerudi vizuri tumefika usawa wa Luiche kwenye saa tisa mchana, upepo umeshageuka unatoka ziwani unakuja nchi kavu, mimi nikasema tukatishe karibu na matete tuwahi. Tukapanda fungu. Ile boti kusimama tu wimbi la kwanza likaingia nyuma, la pili likaingia, petroli inaelea kwenye galoni miguuni kwetu. Nikashika ubao nataka nishuke nisukume, maji yalikuwa ya magotini jamani, unauona mchanga kabisa. Yule mzee akanishika mkono, "Mwanangu usishuke. Hapa mama yako asije akakutafuta." Akageuza mbele ya boti ikaangalia mawimbi kwa kutumia kafi, akatuambia wawili tuhamie mbele ili nyuma pawe pepesi, pondo mara tatu tukateleza tukatoka. Kama dakika kumi tu zote lakini mpaka leo nikiyaona yale matete mwili unasisimka.

Maana yake pale midomoni kuna mamba na kuna viboko, Luiche na zaidi Malagarasi. Ukikwama hushuki, unatumia pondo, unahamisha uzito. Mikono na miguu inakaa ndani ya boti, na mtoto usimpakate pembeni. Kiboko yeye akishtuka anakimbilia maji marefu, kwa hiyo usimwekee boti kati yake na maji marefu, na msipite kimya kimya kwenye kichochoro cha matete, gongeni ubao wa boti, ongeeni, ajue mnakuja. Ukiona vichwa, zunguka mbali hata kama unaongeza nusu saa. Na kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo habari ya kuogea pale mdomoni kwa sababu eti maji ya uvuguvugu, acha.

Tuje kwenye muda. Kusi inavuma kuanzia kama Mei mpaka Septemba, na mnaenda kusini, yaani mnaikabili uso kwa uso. Novemba mpaka Aprili ni mvua, ziwa linaweza kuwa kioo alafu wingu jeusi likashuka kutoka milimani na ndani ya robo saa hamuonani, na mito inaleta magogo. Mimi napenda mwisho wa Septemba na Oktoba. Kusi imechoka, mvua bado. Watu watakwambia kipindi hicho maji yamepungua na mafungu yametokeza, ni kweli, ila fungu ninaloliona kwa macho nalipenda kuliko lile lililojificha chini ya maji ya kahawia. Kabla ya kutoka sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa na wa maziwa, alafu nenda mwaloni uangalie wenyeji wanafanya nini. Kama boti zao zimevutwa juu mchanga na wanashona nyavu, wewe unaenda wapi?

Mwezi nao uangalie. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa, kwa hiyo kwenye giza ziwa zima linawaka kama mji na alfajiri unapishana na boti na vipe, ile mitumbwi ya kuvulia, vinarudi, nyavu kila mahali. Mbalamwezi wengi wanapumzika, ndo wakati rahisi wa kumpata nahodha mzuri kwa bei ya kuongea. Kipindi ziwa linapofungwa kwa uvuvi, kama 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ulizia kwanza taratibu za siku hizo usije ukadhaniwa unaenda kuvua.

Kwa mnaotoka Dar kumbukeni huku jua linachelewa kama dakika 40 nyuma ya kwenu. Saa kumi na mbili asubuhi bado giza, na ufukwe wenye mafungu haupitwi gizani. Tunatoka kunapopambazuka vizuri ili saa tano, saa sita tuwe tumeshafika, kwa sababu asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani na pembeni maji yanakuwa yametulia, mchana unageuka unasukuma boti kwenye mafungu. Kwahiyo weka saa ya kugeuza na uiheshimu. Sisi tunasema saa tano kamili, popote tulipo, kama Malagarasi haijaonekana tunaingia kijiji kilicho karibu tunalala hapo. Mwakizega au Kabeba ni vijiji vya watu, hamtalala na njaa.

Kusoma maji kunasaidia sana ukiwa na jua juu juu au nyuma yako, jua likiwa mbele ya macho huoni kitu. Bluu nzito ni kina. Kijani cha kung'aa ni mchanga uko karibu. Madoa meusi ni mawe au majani, yachukulie yote kuwa mawe. Ukifika maji ya kahawia umeingia kwenye maji ya mto, hapo macho yamestaafu, anza pondo. Na ukiona mstari mweupe mawimbi yanapasuka mbali na ufukwe pasipo na sababu, sababu ni fungu. Kitu kingine, miaka hii ziwa lilipanda likameza nyumba na miti sehemu nyingi za ufukweni, kwa hiyo penye michikichi iliyokufa imesimama majini usipite katikati hata kama panaonekana pazuri kwa picha, chini kuna visiki na misingi ya nyumba. Na angalia vipande vya ndala na chupa za plastiki zinazoelea kwa mstari, huo ni wavu wa mtu, ukiukata umemkata riziki na propela yako imefungwa.

Mashine usiache kuiangalia inavyokojoa. Ule mchirizi wa maji ukidhoofika ujue imenyonya mchanga au majani, zima haraka kabla haijaungua. Beba plagi za akiba, spana, pini ya propela kama mashine yako ni ya pini, na kisu kikali cha kukatia nyavu na majani. Petroli gawa sehemu tatu, moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Ya kwetu tuliipima inakunywa lita 7 kwa saa, kwenda ni saa nne, yaani 28, mara tatu inakuja 84. Najua ni hela. Petroli ikiisha mbele ya Luiche na upepo wa saa tisa, hizo hela utaziona ndogo.

Laifujaketi kila mtu avae tangu mwaloni, sio ya kukalia. Boti iwe imekaguliwa na TASAC, lile shirika la serikali la mambo ya meli. Beba kitambulisho cha NIDA, ng'ambo ni Kongo na ukaguzi wa majini upo. Simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji, na wakati wa kwenda washa jipiesi irekodi njia, hasa pale mlangoni mwa mto, kesho unarudi juu ya mstari ule ule. Maji ya kunywa beba ya kutosha, usitegemee ya ziwa bila kuchemsha. Chakula msipike ndani ya boti yenye petroli, mkifika mtapata migebuka na ugali wa muhogo.

Mkifika Ilagala msilale kwenye fungu la mchanga eti kambi, mamba nao wanapapenda. Ingieni kijijini, muoneni mtendaji na watu wa BMU, kile kikundi kinachosimamia uvuvi pale mwaloni, semeni ni nani na mnaondoka lini, ombeni pa kulala. Mashine ifungueni mlale nayo ndani, mashine zinaibiwa.

Kurudi kusi inakuwa mgongoni na mnaona raha, mnaenda kasi. Hapo kaa macho. Wimbi la nyuma likikupita linageuza boti ubavu, kwa hiyo mizigo irudi nyuma kidogo mbele pawe pepesi, punguza mwendo wimbi likufikie taratibu, na Luiche izungukeni kwa mbali kabisa, kilomita nzima nje ya matete hata kama Ujiji mnaiona.

Na yule mtu mliyemwachia taarifa mwaloni wakati mnatoka, mwenye majina yenu manne na saa ya kurudi, mkishavuta boti juu mchanga mfuateni kwanza kabla hata ya kwenda kula. Sisi safari ya pili tulisahau, tukaenda nyumbani kuoga, tukasikia vijana wawili wameshawasha mashine wanatutafuta kusini na jua linazama.