Mtoto kafanyiwa upasuaji wa kichwa kikubwa: namna ya kumwangalia mkisharudi nyumbani

Kabla ya yote muulize daktari mtoto anafanyiwa upasuaji gani, maana kichwa kikubwa ni maji yamejaa kichwani, na upasuaji wake uko wa aina mbili. Kuna kuwekewa mrija, wengi tunaita shanti, unatoa maji kichwani unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio mpaka tumboni, halafu kuna ule wa matundu, daktari anaingiza kamera ndogo anayafungulia maji njia humohumo ndani na haachi mrija. Huu wa pili wameufanya sana hospitali ya watoto ya CURE pale Mbale, Uganda, tangu enzi za Dk. Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo, na utafiti wao wa 2017 kwa watoto wachanga 100 haukuona tofauti kubwa ya maendeleo ya akili kati ya njia hizo mbili baada ya mwaka mmoja, kwa hiyo ukiambiwa wako anafaa mrija usijione umepunjwa.

Siku ya kuruhusiwa usiondoke bila karatasi yenye tarehe, aina ya mrija na picha za siti skani. Utazihitaji usiku mbaya.

Nyumbani tafuta tepu ya fundi cherehani, zungusha juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, mpaka pale kisogo kilipochomoza zaidi, pima mara tatu andika namba kubwa kuliko zote kwenye kadi ya kliniki, kila wiki siku ileile. Mtoto wa kawaida miezi 3 ya mwanzo kichwa kinaongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, baadae kinapunguza mwendo, sasa wako akiruka ghafla hiyo sio kunenepa. Utosi ushike akiwa amekaa wima na ametulia, akilia unavimba wenyewe utatishika bure.

Mrija unaweza kuziba hata miaka baadae. Dalili ni kutapika, kulala kupita kiasi, utosi kukaza, macho kutazama chini kama yanazama, degedege, na mkubwa analalamika kichwa hasa asubuhi. Homa, wekundu kwenye njia ya mrija au kidonda kutoa majimaji, hapo fikiria maambukizi, ambayo mara nyingi huja miezi ya mwanzo.

Na hapa ndo watoto wengi wanacheleweshwa: anatapika, ana homa, mnaenda zahanati mnapewa dawa ya malaria mnarudi zenu. Apimwe malaria ndio, ila hata ikionekana ipo we sema wazi "huyu ana mrija kichwani" na uombe rufaa siku hiyohiyo, usisubiri dozi iishe. Kile kifundo cha mrija kilichotuna chini ya ngozi ya kichwa usikibonyeze kujaribu kama kinafanya kazi, ni kazi ya daktari.

Aliyefanyiwa wa matundu naye aangaliwe hivyohivyo, njia ikijifunga inajifunga zaidi miezi sita ya mwanzo.

Kichwa hakitarudi kidogo mara moja, na ubongo ulioumia kabla upasuaji hauurudishi, unazuia usiumie zaidi, ndo maana mazoezi ya kukaa na kushika vitu myaanze mapema na mtu wa fiziotherapia. Akianza shule mwalimu aambiwe kabisa: akibadilika tabia, akisinzia darasani au akisema kichwa kinauma, apige simu nyumbani sio kumpa panadol.