Namna ya Kuendesha Mradi wa Kuboresha Vifaa vya Nyumbani kwa Darasa la Tano na la Sita

Mradi unaounganisha masomo kadhaa huharibika mapema pale walimu wanapoanza kwa kugawana mada, huyu wa Hisabati akitafuta mahali pa kupachika wastani na yule wa Kiswahili akitafuta mahali pa kupachika insha, kisha wanafunzi wakatafutiwa kazi ya kujaza nafasi hizo. Mwongozo huu unapendekeza njia iliyo kinyume na hiyo. Wanafunzi waanze na kifaa kimoja kinachotumika kila siku na kinachomsumbua mtu wanayemfahamu, na kila somo liingie pale tu kazi yenyewe inapolihitaji. Wiki sita zenye vipindi viwili vya dakika 40 kila wiki zinatosha, mradi walimu wakubaliane tangu mwanzo kwamba vipindi hivyo vitatoka katika masomo yote yanayohusika.

Vifaa vya kufanyia kazi havikosekani katika mji wa pwani wa Tanga, ambako mifano ya mwongozo huu imetolewa. Kuna jiko la mkaa linalopoteza joto kupitia bati la pembeni, keria ya baiskeli isiyoshika mzigo barabara, kibuyu chirizi cha kunawia mikono shuleni ambacho kamba yake hukatika mara kwa mara, na kikapu cha kwendea soko la Mgandini ambacho vishikio vyake hukata viganja kinapojaa, jambo lililopata uzito zaidi tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Kifaa kizuri kwa mradi ni kile ambacho sehemu zake zote zinaonekana kwa macho na tatizo lake linaweza kupimwa. Sishauri kuanza na redio wala simu, kwa sababu mwanafunzi haoni kinachotendeka ndani yake, na uboreshaji wake huishia katika kuchora umbo la nje. Katika maelezo yanayofuata nitatumia mbuzi ya kukunia nazi, kifaa ambacho karibu kila mtoto wa mitaa ya Tanga kama Ngamiani au Makorora amekikalia au amemwona mkubwa wake akikikalia.

Hatua ya kwanza ni kutazama, na hapa ndipo muda mwingi utumike. Kila kundi la wanafunzi wanne au watano lipate mtu mmoja anayekuna nazi mara kwa mara, awe bibi wa mwanafunzi mmojawapo au mama lishe aliye karibu na shule. Wanafunzi wamwamkie, wajitambulishe, waombe ruhusa, kisha waseme, "Mama, tunaomba utuoneshe unavyokuna." Wasianze kwa kumuuliza angependa mbuzi ya namna gani, kwa kuwa mtu aliyezoea kifaa kwa miaka mingi hujibu kwamba hakina tatizo lolote, ilhali mwili wake unaonesha vingine. Atakuwa ameibana mbuzi kwa miguu ili isiteleze kwenye sakafu ya saruji, au ameinamisha mgongo kwa sababu kiti ni kifupi, au amesogeza sinia mara kadhaa kwa sababu nazi iliyokunwa inaangukia pembeni. Vitendo hivyo vidogo vya kujisaidia, ambavyo mtumiaji mwenyewe ameacha kuvitambua, ndiyo hazina ya mradi mzima, na mwanafunzi mmoja katika kila kundi apewe kazi ya kuviandika tu bila kuuliza swali lolote. Mahojiano yafuate baada ya kutazama. Mwalimu wa Kiswahili awe amewafundisha kabla ya hapo kuuliza maswali yasiyobeba jibu ndani yake, na kuandika maneno ya msemaji kama alivyoyasema.

Wakirudi darasani, kila kundi liandike tatizo moja katika sentensi moja. Sentensi kama "Mbuzi inahitaji mpira chini" irudishwe, kwa kuwa hiyo tayari ni dawa kabla ya ugonjwa kujulikana. Sentensi inayofaa ni hii: "Mkunaji anaposukuma kizio cha nazi, mbuzi huteleza kwenye saruji, naye hulazimika kuibana kwa miguu hadi achoke." Kutoka hapo njia za kutatua ni nyingi, na wanafunzi watazigombania kwa hoja.

Kabla ya kubadilisha chochote, kifaa cha zamani kipimwe. Walimu wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kufika kwenye kutengeneza, na matokeo yake ni kwamba mwishoni hakuna awezaye kusema kama kifaa kimekuwa bora au kimekuwa tofauti tu. Njia rahisi ni kupima uzito wa kizio, yaani nusu ya nazi, kabla ya kukuna na baada ya kukuna kwa dakika 2. Ikiwa kilikuwa na gramu 260 na kikabaki na gramu 200, mkunaji ametoa gramu 60, yaani gramu 30 kwa dakika. Baadaye, wakati wa kulinganisha mbuzi ya zamani na iliyoboreshwa, kwa kuwa nazi hazilingani, itumike nazi moja, kizio kimoja kikunwe kwa mbuzi ya zamani na cha pili kwa iliyoboreshwa, mkunaji akiwa yule yule. Kwa kuwa mkono huchoka, nazi ya kwanza ianze na mbuzi ya zamani na ya pili ianze na mpya. Hapo wastani unakuwa chombo ambacho wanafunzi wenyewe wanakitaka, kwa sababu vipimo vitapishana na watataka kujua waamini kipi.

Majaribio haya yafanywe kwa nazi ambazo mama lishe angezikuna siku hiyo hata bila mradi, kwa usafi anaoutaka yeye, ili apate tui lake na pasiharibike kitu. Wazazi wasiagizwe nazi wala mbao. Elimu msingi hutolewa bila ada tangu Januari 2016, na si haki mradi wa darasani uwe njia ya kurudisha michango.

Sayansi inaingia kupitia msuguano na kutu. Mbuzi ivutwe sakafuni kwa mizani ya springi, na isomwe nguvu inayoonekana pale tu inapoanza kusogea, kwanza miguu ikiwa mitupu, kisha ikiwa imefungwa vipande vya tyubu chakavu ambavyo fundi baiskeli hutoa bure akiombwa vizuri. Kuhusu kutu, misumari minne inatosha: mmoja kwenye chombo kikavu, mmoja kwenye maji, mmoja kwenye maji ya chumvi, na mmoja uliopakwa mafuta ya nazi kisha ukawekwa kwenye maji ya chumvi. Baada ya wiki moja wanafunzi wataeleza wenyewe kwa nini chuma huliwa upesi katika mji wa pwani. Kundi litakalotaka kupaka rangi kwenye meno ya mbuzi lizuiwe, kwa sababu rangi hiyo itaingia katika chakula.

Maarifa ya Jamii yasilazimishwe. Kundi likiamua kusuka kiti kwa kamba ya katani, huo ndio wakati wa kuuliza kamba hiyo imetoka wapi, na kuwasimulia jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyoleta miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, na jinsi zao hilo lilivyobadilisha ardhi na kazi za watu wa Tanga.

Utengenezaji uanze kwa mchoro wenye vipimo kwa skeli ya 1:5, ufuatiwe na mfano wa maboksi, na mwisho mbao za mabaki kutoka kwa seremala. Msumeno utumike mbele ya mwalimu au fundi tu, na meno ya mbuzi yafunikwe kwa kitambaa kinene wakati wote usio wa kukuna. Kila kundi libadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, kwa maana likiinua kiti na kufunga mpira siku moja halitajua lipi limesaidia.

Katika kutoa alama, kundi ambalo uboreshaji wake haukufaulu lakini likapima kwa uangalifu na kueleza sababu lipate alama za juu kuliko kundi lenye kifaa cha kupendeza kisicho na ushahidi. Kisha mbuzi ikae kwa mtumiaji wiki nzima bila wanafunzi kuwepo, nao warudi kumtazama tena akikuna. Akiwa ameuondoa mpira au ameukata, wamuulize sababu, waandike jibu lake, na daftari hilo lihifadhiwe shuleni ili darasa la mwaka unaofuata lianzie hapo.