Sola ya paa kwa ununuzi wa kikundi: pima nyumba yako kwanza

Bei ya kikundi ni moja, lakini mapaa hayafanani. Zidisha wati za kila kifaa kwa saa za matumizi kwa siku, jumlisha, kisha gawanya kwa 1,000 kupata uniti (kilowati-saa). Ukipata uniti 4 kwa siku, na jua kali hudumu kwa muda wa saa 5 kwa siku, unahitaji kilowati 0.8, ongeza robo kufidia upotevu, inakuwa kilowati 1. Paneli 3 za wati 400 zinatosha, hata kama muuzaji anasukuma 6.

Kagua kivuli asubuhi, adhuhuri na alasiri: tawi moja tu linaweza kupunguza umeme wa paneli zote zilizounganishwa mfululizo.

Mkataba utaje modeli ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani), unene wa nyaya, na fundi atakayeshughulikia dhamana. Msimalize malipo kabla kila mfumo haujawashwa na kupimwa mbele ya mwenye nyumba.