Feni za keisi ya kompyuta: angalia upepo unaingilia wapi na unatokea wapi

Mtu anafunga feni sita za mataa ya rangirangi halafu anashangaa mashine bado inachemka akifungua gemu. Wadau, ishu sio wingi, ishu ni upepo unapita njia gani, zote zikivuta ndani au zikapulizana zenyewe kwa zenyewe basi joto ni lilelile linazunguka humo humo.

Anza kujua feni inapuliza upande gani. Upande ambao mapanga yako wazi ndio unavuta, ule wenye vishikio vya mota, na mara nyingi stika, ndio unatoa. Ila siku hizi kuna za kinyume, zimetengenezwa hivyo ili upande mzuri ndio uonekane kwenye kioo, hizo zitakudanganya. Kwa hiyo washa mashine usogeze kipande cha tishu: kikinata inavuta, kikipeperuka inatoa. Kwisha.

Mpangilio sasa: mbili mbele zinaingiza, moja nyuma inatoa, za 120mm au 140mm, kwa keisi nyingi hiyo inatosha kabisa na mimi sioni haja ya kumaliza hela zaidi ya hapo. Hewa baridi inatoka mbele inaipitia kadi ya grafiki na hitisinki (chuma cha kupozea) ya prosesa inatokea nyuma, na feni ya hitisinki nayo ielekee hukohuko nyuma, sio ibishane na wenzake. Ukitaka ya juu, ifunge karibu na nyuma na itoe, maana ukiiweka juu kwa mbele inanyonya hewa baridi hata haijafika kwenye prosesa. Na wale wa "joto hupanda juu lazima utolee juu", ni kweli linapanda ila polepole mno, feni inalipeleka inakotaka.

Vumbi nalo. Inayoingia iizidi kidogo inayotoka, ili hewa ipite kwenye filta. Ukitoa kuliko unavyoingiza keisi inavuta kupitia kila kitundu na vumbi linajaa ndani. Filta yenyewe uioshe, ikiziba feni za mbele zinabaki pambo.

Waya unachomeka kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) palipoandikwa CHA_FAN au SYS_FAN. Feni ya pini 4 inaongozwa kwa PWM (spidi inapangwa kwa ishara ya pini ya nne), ya pini 3 nenda BIOS (menyu ya mipangilio ya mazabodi) uchague DC (spidi inapangwa kwa volti) la sivyo itapiga kelele muda wote.

Ukimaliza cheza gemu kama nusu saa ukiangalia nyuzi za joto, kisha fungua ubavu wa keisi ucheze tena. Joto likishuka sana ujue hewa inabanwa, angalia filta, waya zilizorundikana, kioo cha mbele kisicho na matundu, au keisi uliyoibana ukutani. Lisiposhuka feni za keisi hazina kosa, kaangalie pesti ya prosesa, ile inayopakwa kati yake na hitisinki.