Kurekodi vokali (sauti ya mwimbaji) kwenye chumba cha kupanga bila kutoboa ukuta

Tuelewane kwanza. Kuzuia sauti isitoke nje ni kazi ya uzito: kuta nene, mlango mzito, nyufa zilizozibwa. Mpangaji hana ubavu huo. Kutuliza mwangwi ndani ya chumba ni jambo jingine, na hilo linawezekana leo hii kwa vitu vilivyomo humo humo chumbani. Somo linahusu hilo la pili.

Hatua ya 1: Kisikilize chumba. Zima feni, funga dirisha, simama unapotaka kuimbia, kisha piga kofi moja kali. Ukisikia kama "trrrr" ya haraka inafuata, sauti inadunda kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana. Sogea kidogo, piga tena. Utashangaa jinsi hatua mbili tu zinavyobadilisha mambo.

Hatua ya 2: Chagua pa kusimama. Epuka kona, epuka na katikati kabisa. Chumba chenye urefu wa mita 3 huvuma chenyewe kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 57 hivi, na tena kwenye 114. Hiyo 114 imo ndani ya sauti ya kawaida ya mwanamume, na katikati ya chumba ndipo inapojaa. Kona ndiyo balaa, mivumo yote hukutana hapo.

Hatua ya 3: Blanketi nyuma yako. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanabandika sponji ukutani nyuma ya maiki, wakati maiki ya kadioidi, ile inayosikia zaidi upande mmoja, ni kama kiziwi kwa upande huo. Inasikia mbele, yaani wewe pamoja na ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Ukuta huo ndio wa kushughulikia.

Chukua mablanketi mawili mazito, yapandanishe, yaning'inize nyuma yako yakiwa mbali na ukuta kwa sentimita 15 hivi. Nafasi hiyo usiipuuze. Hewa iliyogusana na ukuta haichezi, kwa hiyo kitambaa kilichobandikwa hapo hakina cha kukamata zaidi ya sauti nyembamba. Ukikisogeza mbele kinaanza kufanya kazi vizuri mpaka chini kwenye hezi 500 na 600, kule kunakoifanya vokali isikike kama imetoka kwenye boksi. Ndiyo maana sponji ya sentimita 2 na nusu, hata ikipendeza kwenye picha, inakata "s" na "sh" tu na kuacha uzito wote wa chini. Unabaki na sauti iliyofifia na bado ina mwangwi wa chumba.

Misumari ya nini? Stendi mbili na fimbo juu yake zinatosha, au milango ya kabati iliyofunguliwa, au godoro lililosimamishwa. Mwenye nyumba hatakuwa na neno.

Hatua ya 4: Umbali. Kaa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, na popu filta (kichujio cha pumzi za "p" na "b") katikati. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako hupanda karibu desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) huku mwangwi ukibaki pale pale. Ukizidi kusogea, besi inavimba.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, trei za mayai vipi? Nimekusanya nyingi.*
Zirudishe. Ni nyepesi na nyembamba mno. Zinatawanya kidogo sauti za juu, basi.

*Naweza kuimbia ndani ya kabati la nguo?*
Ukijifungia humo, sauti itakuwa ya boksi, kwa sababu mbao ziko karibu mno nawe. Fungua milango, ipe mgongo kabati iliyojaa nguo, imba ukitazama chumbani. Hapo nguo zinageuka blanketi.

*Nimeweka mablanketi lakini jirani bado anagonga ukuta.*
Na ataendelea, dada. Blanketi halina uzito wa kuzuia sauti. Kubaliana naye saa za kurekodi.

*Ile ngao ya nusu duara inayofungwa nyuma ya maiki inafaa kununua?*
Inalinda upande ambao maiki tayari haisikii. Ukiwa na hela hiyo, ongeza blanketi la tatu, na la nne liweke juu ya kichwa chako kama dari ni ya zege.