Namna ya Kubuni Ukoo wa Kikabaila wa Elfi wa Giza Wenye Hila

Anza na sheria ya mji kabla ya kutafuta jina la ukoo, kwa kuwa hila hupata uzito pale tu inapokuwa na mipaka ya kukwepa. Katika Menzoberranzan, mji wa chini ya ardhi wa elfi wa giza, viumbe wa kubuni wenye umbo kama la binadamu, katika mchezo wa Dungeons & Dragons, koo nane za juu hutawala kupitia baraza la mama wakuu, yaani wanawake wanaoziongoza koo hizo, wanaomtumikia Lolth, mungu wa kike wa buibui. Ukoo mmoja ukiuangamiza mwingine bila kumbakiza kabaila yeyote wa kushtaki, hakuna kosa linalotambuliwa. Lakini akinusurika hata mtoto mmoja akatoa mashtaka, washambuliaji ndio watakaoangamizwa. Naithamini sana kanuni hiyo, maana yenyewe inazaa visa.

Kisha mpe mama mkuu mabinti wawili au watatu wanaokitamani kiti chake, kila mmoja akiwa na siri ambayo dada yake anaijua nusu. Wanaume, ambao huko hushika nafasi ya chini, wanafaa kuwa wachawi au majasusi. Hatimaye amua ni nani aliyenusurika katika shambulio la zamani, na amefichwa na nani.