Somo: Kuchukua umeme kwenye boksi la fyuzi kwa ajili ya kamera, chaja na vifaa vya ziada

Ndugu wanachama, nimeamua kuliandika somo hili kwa ukamilifu kwa sababu swali la mahali pa kuchukulia umeme huulizwa humu mara kwa mara, na majibu ya mstari mmoja hayamsaidii mtu ambaye tayari ameshika koleo. Maelezo yanahusu magari ya volti 12. Wenye magari ya volti 24 wasome hadi kwenye maswali.

Kwanza, gawanya wati za kifaa kwa 12 upate ampea. Kamera ya dashibodi kwa kawaida haifiki ampea 2, lakini taa mbili za ukungu za wati 55 kila moja hula zaidi ya ampea 9, na hizo zinahitaji rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa) yenye waya wake kutoka kwenye betri.

Pili, chagua nafasi kwa kufuata mchoro ulio kwenye mfuniko wa boksi. Nafasi ya kiberiti cha sigara au ya redio inafaa. Usiguse kabisa fyuzi za eabegi, za breki za ABS, za kompyuta ya injini wala za pampu ya mafuta.

Tatu, nunua kiunganishi chenye nafasi mbili za fyuzi na mkia wa waya, kinacholingana na fyuzi za gari lako. Kisicholingana hupanua meno ya boksi, yaani vyuma vinavyobana miguu ya fyuzi, na jino lililolegea hupata moto hata kwa mzigo mdogo.

Nne, angalia upande wa kuchomeka, na hapa naomba usome taratibu, kwani ndipo kazi nyingi ninazozirekebisha zilipokosewa. Mguu mmoja wa kiunganishi hulisha fyuzi zote mbili, ya asili na ya kifaa chako, na mguu huo lazima ukae kwenye jino linaloleta umeme. Ukikigeuza, kifaa kitawaka vilevile, na ndiyo maana watu hudanganyika. Lakini umeme wake sasa unapita kwanza kwenye fyuzi ya asili, ambayo inabeba mizigo miwili na siku moja itaungua ukiwa njiani. Kujua upande sahihi si kazi ngumu. Chomoa fyuzi ya asili, fungua swichi, kisha pima kila jino kwa mita; lenye volti 12 ndilo linalolisha. Chomeka kiunganishi kikiwa na fyuzi ya kifaa peke yake: mkia ukiwa na umeme, umepatia, usipokuwa nao, kigeuze. Ndipo urudishe fyuzi ya asili mahali pake.

Fyuzi ya kahawia ya ampea 7.5 ikiungua tena na tena, usiweke ya manjano ya ampea 20. Fyuzi imewekwa kuulinda waya, na waya mwembamba uliolazimishwa kubeba zaidi ya uwezo wake huyeyusha ganda lake nyuma ya dashibodi, mahali usipoweza kuona.

Tano, funga waya wa hasi kwenye bolti ya bodi iliyokwanguliwa rangi.

Sita, pitisha waya mbali na pedali na usukani, na kwenye nguzo ya kioo cha mbele upite nyuma ya eabegi, kamwe usipite mbele yake.

MASWALI

Swali: Sina kiunganishi. Naweza kuzungushia waya kwenye mguu wa fyuzi na kuirudisha?

Jibu: Hapana. Utapanua meno, na ukiuzungushia upande unaolisha, waya wako hautalindwa na fyuzi yoyote.

Swali: Mbona jirani yangu alifanya hivyo na gari linatembea?

Jibu: Nimeshaeleza hatari yake. Gari ni lako, lakini humu sitamshauri mtu afanye hivyo.

Swali: Fundi, shikamoo. Nabeba viazi kutoka Njombe kwa Canter ya volti 24. Redio ya volti 12 ilichukuliwa umeme kwenye betri moja kati ya mbili, na betri hiyo ndiyo inayochoka mapema. Je, kuna uhusiano?

Jibu: Marahaba, na umechunguza vizuri. Betri hizo zimefungwa kwa mfululizo na zinachajiwa kama kitu kimoja, lakini redio inanyonya moja tu. Baada ya muda iliyonyonywa haijai, huku mwenzake ikizidishiwa chaji, na zote mbili zinaharibika. Weka kipunguza umeme cha kutoka volti 24 kwenda 12, kilishwe na betri zote mbili kupitia fyuzi, na redio ichukue umeme hapo.

Swali: Mimi ni dada wa hapa Uyole. Nataka kamera irekodi hata gari likiwa limeegeshwa usiku. Betri itavumilia baridi ya mwezi wa saba?

Jibu: Dada, swali lako ni la msingi, kwa sababu baridi hupunguza nguvu ya betri kabla kamera haijagusa chochote. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Tafuta waya wa kamera wenye kikata umeme, ukipange kikate volti zikiwa bado juu ya 12, upate akiba ya kuwashia injini asubuhi.

Swali: Na sisi tunaopanda Kitonga kwenye ukungu, rilei ya taa inafungwaje?

Jibu: Terminali 30 iende kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, 87 iende kwenye taa, 85 kwenye bodi, na 86 ipate umeme kutoka kwenye swichi ya ndani. Swichi hiyo inatumia umeme mdogo, kwa hiyo inaweza kulishwa na kiunganishi cha somo hili. Taa zenyewe zifungwe chini na kuelekezwa barabarani, kwa kuwa mwanga wa juu unarudishwa na ukungu machoni mwa dereva.